Nani Analitegemea Jina Hili

Mikumi, alasiri

Mwanangu,

Begi lako liko mlangoni, na wewe na mama yako mko sokoni mnanunua vitu ambavyo Dodoma vimejaa tele. Ukimwambia hivyo anakasirika, kwa hiyo nimenyamaza. Nyumba imetulia. Nimeona niandike sasa hivi, maana mkirudi patakuwa na kelele za sufuria, na kesho ukipanda basi mimi nitakuwa nauliza habari za tiketi na mzigo kama kawaida yangu. Mambo ya neti ya mbu, chakula na watu wa kuwaamini, mama yako ameshayasema na atayasema tena. Mimi nina jambo moja tu.

Jumapili ile tulikuwa tunachambua maharage barazani. Ukasema, "Baba, nikipita Morogoro nataka kumwona wakili niape jina. Nirudi kuwa Zuhura, na jina la baba nitumie la yule wa Magole. Nataka kazini waniandike hivyo tangu mwanzo. Wewe unasemaje?" Nikasema tutaongea, nikainuka kwenda kuwaangalia kuku. Kuku hawakuwa na shida yoyote. Tangu hapo hujauliza tena, na mimi sijasema. Kesho ndiyo unapita Morogoro, kwa hiyo lazima nikujibu. Nitazunguka kidogo, univumilie. Kitu ninachoweza kukieleza vizuri duniani ni kanzidata, haya maghala ya taarifa ya kwenye kompyuta, na ndiyo kazi unayoiendea.

Wewe umesoma chuo. Mimi nilipata kozi fupi, yaliyobaki nikajifunza kwa kuharibu vitu vya watu. Huko ofisini utakabidhiwa kanzidata iliyotengenezwa na watu usiowajua, na wengine walishaacha kazi. Vijana wakifika mahali pa namna hiyo huanza kuandika maagizo yao siku hiyohiyo ili waonekane. Wewe anza kwa kuuliza. Seva, ile programu inayoitunza kanzidata, inakuja na prosija zake yenyewe, maagizo yaliyokwisha kutungwa na kuhifadhiwa humohumo ndani, na nyingi kazi yake ni kujibu maswali. Majina yake yanaanza na sp. Watu huzipuuza kwa sababu hazimpi mtu sifa. Ukiipa sp_help jina la jedwali, inakueleza limeumbwaje: lina safu zipi, ipi lazima ijazwe, ipi inaruhusiwa kubaki tupu. Hiyo "kubaki tupu" isome vizuri. Mtu mvivu akiona nafasi tupu huijaza kwa kubahatisha.

Najua kwa sababu ndivyo nilivyomwoa mama yako. Alishuka hapa Mikumi na wewe ukiwa umeshikilia khanga yake, akapanga chumba jirani na nilipokuwa nakaa. Nikampenda. Sikumuuliza ametoka vipi kwa baba yako mzazi, nikajijazia mwenyewe: nikaamua kwamba watu wa Magole wamemfukuza. Aa wapi! Hakuna aliyemfukuza. Aliondoka mwenyewe kwa hasira, na hasira yake ilikuwa ya haki, lakini hilo ni la kukueleza yeye, si mimi. Mimi nilikaa miaka nikiwachukia watu ambao sikuwahi kuwauliza hata njia. Kuwachukia kwenyewe nilikuona ni sehemu ya kumpenda yeye.

Tulifunga ndoa bomani, maana yeye ni Mwislamu wa tambarare na mimi ni Mwanglikana wa milimani, na ndugu wa pande zote mbili walikuwa wamenuna. Wewe ulikuwa Tausi. Ni wakati wa kukuandikisha shule ndipo mama yako akaniambia kwamba bibi yako wa Magole alikuita Zuhura, na kwamba yeye hataki kulisikia jina hilo. Nikasema sawa. Nikakuandikisha Tausi, na mbele yake nikaweka jina langu. Nilitoka pale shuleni natembea kifua mbele. Nakuambia ukweli, sijawahi kutembea vile tena.

Sasa nikupeleke Kilosa. Unakumbuka nilikuwa nakaa kule siku za kazi, narudi nyumbani Ijumaa. Ulikuwa mradi mdogo wa kutuma ujumbe wa simu mto unapoanza kujaa, ili watu watoke mapema. Kila kata ilikuwa na jedwali lake la namba za simu, na kila jedwali lilikuwa na prosija iliyolisoma na kutuma ujumbe. Yote niliyatengeneza mimi. Na wewe unaujua ulimi wangu. L na R zimenishinda tangu utoto, na huwa unanicheka nikikukaribisha chakula nikasema "njoo ure". Tatizo ni kwamba siku zile niliandika kama ninavyotamka. Jedwali la Mabwerebwere nililipa jina Mabwelebwele, na prosija yake nayo nikaiandika inatafuta Mabwelebwele. Mambo yakaenda vizuri kabisa, kwa sababu kosa lilikuwa linakubaliana na kosa mwenzake.

Siku moja mzee wa kata hiyo akaja ofisini kuongeza namba ya mkewe. Nikamwamkia, akaitikia, akavuta kiti, akawa anatazama skrini.

"Hapa umeandika wapi?" akauliza.

"Mabwerebwere, mzee."

"Hapana. Hapo umeandika Mabwelebwele. Sisi hatuitwi hivyo."

Nikaona aibu. Mzee anakaa kwenye kata yake maisha yake yote, halafu mimi mtu wa kuja namwandikia jina la kwangu! Palepale nikatumia sp_rename, prosija ya kubadili majina, nikaweka R zinapostahili. Seva ikanipa onyo kwamba kubadili sehemu yoyote ya jina kunaweza kuvunja prosija nyingine. Huwa inatoa onyo hilo kila mara, hata pasipo na hatari, ndiyo maana nilishazoea kutolisoma. Mzee akasema, "Sasa umetuheshimu." Tukaagana vizuri.

Nilichosahau ni kwamba sp_rename inabadili jina mlangoni tu. Haiingii ndani ya prosija nyingine kuziambia kwamba fulani siku hizi anaitwa hivi. Prosija ya kutuma ujumbe ilikuwa bado inamtafuta Mabwelebwele, na Mabwelebwele hakuwepo tena.

Mvua zikanyesha milimani, mto ukapanda. Hakufa mtu, nalisema mapema usije ukaruka mistari. Magomeni walipata ujumbe, wakatoa magodoro na watoto. Mabwerebwere hawakupata kitu. Kulikuwa na mama mmoja muuza vitumbua, mtu mzima wa miguu mibovu, akabebwa mgongoni maji yakiwa kifuani mwa aliyembeba. Mbuzi wake wote walikwenda na maji. Maji yalipopungua akaja ofisini, khanga ina matope mpaka kiunoni, akasimama mbele ya meza yangu. Hakupiga kelele. Akaniuliza, "Mwanangu, Magomeni wamepata ujumbe. Sisi tulikukosea nini?"

Ningemwambia nini? Kwamba ni herufi? Nilimwomba radhi, nikamwomba tena. Alikaa akanywa maji ya kunywa niliyompa, akaondoka. Nilipobaki peke yangu nikaita sp_helptext, ambayo hukuonyesha maandishi yaliyomo ndani ya prosija, na hapo ndipo nikaliona lile L limekaa kimya mahali pake.

Nakueleza haya kwa sababu miaka mingi nilijifunza somo lisilo lenyewe. Nilijiambia: usibadili majina. Jina likishakaa liache, hata kama limekosewa. Nilikuwa nawaambia hivyo vijana wa kozi kwa sauti ya mtu anayejua. Lakini lile jina lilistahili kusahihishwa. Mzee alikuwa na haki yake, Mabwerebwere ni Mabwerebwere. Nilichotakiwa kufanya ni kuuliza kwanza nani analitegemea. Kuna sp_depends kwa kazi hiyo. Unaipa jina, inakutajia walioshikamana nalo. Imezeeka siku hizi na kuna njia mpya zaidi, wewe utazijua kuliko mimi. Hata hivyo usiiamini peke yake, maana wengine hulitaja jina kwa namna ambayo seva haiwezi kuiona, na hao unawagundua wanapoanguka.

Halafu ukaja mwaka jana. Yule baba yako wa Magole alipofariki, bibi yako akatuma watu wakutafute. Mama yako alisema hakanyagi, nikakusindikiza mimi. Hatujawahi kuizungumza siku ile, na nataka ujue mimi niliona nini.

Tulishuka Dumila tukaingia Magole kwa bodaboda. Tulikuwa bado hatujafika uani. Bibi yako alikuwa amekaa kwenye mkeka, macho yake hayaoni vizuri, akaita tu kwa kubahatisha, "Zuhura?" Na wewe ukageuka. Hukufikiri. Uligeuka kabla hujajua kwamba umegeuka, shingo nzima, ukasema "Abee!" kwa sauti ya mtoto. Jina ambalo hukuitwa tangu ukiwa mdogo wa kushikilia khanga! Mimi nilisimama na mfuko wa mchele mkononi nikakumbuka jambo moja la kazini. Prosija yenyewe ukiibadili jina kwa sp_rename, halafu ukaiomba sp_helptext ikuonyeshe maandishi yake, utakuta ndani bado inajitaja kwa jina la kwanza. Nilikuwa nalieleza hilo kama kituko cha kuchekesha. Pale uani sikucheka.

Ukamshika bibi yako miguu, mkalia wote wawili. Kisha akanigeukia. "Shikamoo mama," nikasema. "Marahaba. Na wewe ni nani?"

Nikasema, "Mimi ndiye Baba Tausi."

Bibi akafikiri. "Tausi ndiye nani?"

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anauliza kweli. Wewe ulikuwa unafuta machozi, sijui kama ulisikia. Nikamjibu, "Nimemsindikiza tu huyu binti." Nikajaribu hata kulitaja jina lako la pale kwa heshima, likatoka "Zuhula", wanawake wa uani wakacheka, nikacheka nao. Chakula kilipoletwa nilikula vizuri. Lakini niliumia, mwanangu. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nahesabu miti ili nisikutazame usoni, na wewe ukadhani nimechoka. Kusema "nimemsindikiza tu" ndiyo sentensi ninayoijutia kuliko lile L la Kilosa, maana lile L nililikosea bila kujua.

Basi Jumapili ile uliponiuliza, nilishajua tayari unalotaka, na nilishajua kwamba una haki. Nikanyamaza hata hivyo. Nikueleze kunyamaza kwangu kulikuwa kitu gani. Ofisini kule kuna siku mambo yalisimama kabisa. Karani akibonyeza, hakuna. Mhasibu akibonyeza, hakuna. Simu zikaanza. Nikaita sp_who2, ambayo inakuonyesha nani yumo ndani ya seva kwa sasa na nani amemzuia nani. Nikafuata foleni: huyu anamsubiri yule, yule anamsubiri mwingine, mpaka mwisho wa foleni nikakuta jina la mtu mmoja aliyeshika jedwali hataki kuliachia. Jina langu. Nilikuwa nimeanzisha badiliko, kabla ya kulikamilisha nikaenda kula chipsi mayai. Ofisi nzima ilikuwa inanisubiri mimi nifute mdomo.

Ndivyo nilivyokufanya. Umekaa wiki hizi zote na swali lako mkononi, unapiga pasi nguo, unanipa chai, husemi, kwa sababu mimi sijakamilisha. Mama yako naye anasubiri mmoja wetu aanze. Ungeweza kwenda Morogoro bila kuniuliza, umri unakuruhusu. Uliuliza kwa adabu, nikakulipa kwa kwenda kutazama kuku.

Sababu ni woga, wala haina ukubwa wowote. Nilifanya kile ambacho sikukifanya Kilosa, nikauliza: nani analitegemea jina hili? Vyeti vyako vya shule vinalitegemea, hivyo wakili atavitaja kwenye kiapo, na utatembea nacho. Laini ya simu, utaibadilisha. Rafiki zako, watacheka wiki moja watazoea. Mama yako analitegemea sana, maana ndilo alilokimbia nalo. Na mwisho wa orodha nikajikuta mimi. Hapa Mikumi nani anajua naitwa nani? Mwenye duka ananiita Baba Tausi. Mwenyekiti wa mtaa, Baba Tausi. Kanisani wananitangaza hivyohivyo. Mimi na mama yako hatukujaliwa mtoto mwingine, unajua, na kabla yako hakuna mtu aliyewahi kuniita baba wa chochote. Nikajiuliza: Tausi akiondoka kwenye maandishi, na ubavuni kwako pakaandikwa jina la mtu wa Magole, mimi nitakuwa namtafuta nani? Nikajiona nimebaki kama ile prosija, naita mtu ambaye hayupo. Hilo ndilo nililoshindwa kukuambia tulipokuwa tunachambua maharage.

Lakini kuna jambo la kitaalamu ambalo nalijua tangu zamani, na kuliamini juu yako ndiko kumenichukua muda. Kila kitu ndani ya kanzidata, siku kinapoundwa, seva hukipa namba yake. Wewe na mimi tunatumia jina kwa sababu sisi ni binadamu. Seva yenyewe inakijua kwa namba. Ukitumia sp_rename hata mara kumi, namba haiguswi, na kilichohifadhiwa ndani hakipungui hata mstari. Ni kilekile. Ukiwa na homa ya malaria nikakubeba mpaka zahanati ulikuwa huyuhuyu, na ulipoitika "Abee" pale Magole ulikuwa huyuhuyu, na kesho mbele ya wakili utakuwa huyuhuyu.

Kwa hiyo jibu langu: nenda ukaape. Tumia jina alilokupa bibi yako na jina la marehemu. Usiape nusunusu kwa kunihurumia, na usiliweke jina langu katikati kama kiraka. Prosija ya Kilosa niliirekebisha kwa mkono wangu, kwa sababu kazi ya kubadilika ilikuwa ya anayetegemea, haikuwa ya jedwali. Hiyo kazi ni yangu na nimeianza. Jana nilimwambia mwenye duka kwamba jina lako linabadilika. Akasema, "Ee? Kwa hiyo tumekosea miaka yote hii?" Nikamwambia hapana, hamkukosea, ila sasa limesahihishwa. Akataka kujua mengi, nikanunua kiberiti nikaondoka.

Ukitoka Morogoro basi lako linapita Dumila. Teremka uende Magole ukalale kwa bibi yako kabla ya kuendelea. Akikuuliza habari za yule mtu aliyekuja na mchele, mwambie ni baba yako aliyekulea, na kwamba siku ile alijibu vibaya. Mwambie nitakuja mwenyewe kumwamkia upya. Nitakuja na mama yako nikiweza, ingawa hilo usiliahidi.

Asubuhi ya leo nilimweleza mama yako ninachotaka kukuandikia. Alikuwa anakunja khanga zako. Akakunja mpaka akamaliza, ndipo akasema, "Mimi nitamwita Tausi mpaka naingia kaburini."

Nikamwambia, "Mwite. Ataitika." Nakuomba uitike, mwanangu, kila atakapoita, hata ukiwa umechoka, hata mbele za watu wa kazini.

Akanitazama. "Na wewe? Watu watakuita nani sasa?"

Nilimwambia jibu la hilo nitaliandika humu.

Safari njema.

Ni mimi,
Baba Zuhura